Mkono Usiofika Sikioni

Juzi, katika shule moja upande wa Gede nilikompeleka mjukuu wangu, watoto walikuwa wakipimwa umri kama ilivyo ada yetu: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la pili, wafaa kuingia darasa la kwanza. Ikafika zamu ya binti mmoja mrefu, aliyepooza mikono.

"Huyu bado mdogo," akasema mwalimu.

"Mikono yake haiinuki, mwalimu," akajibu mamake. "Na mdogo wake yuko darasa la pili, ulimpokea wewe mwenyewe."

Mwalimu akalitazama lile sikio, akakuna kichwa. "Mrudishe mwakani. Huenda mkono ukafika."

Mama akanigeukia mimi.

Njiani nikaujaribu mkono wangu. Ukafika bila taabu. Basi ile nafasi ya binti nipewe mimi, mwenye wajukuu.