Siku Nilipojitoa Kwenye Kesi ya Rafiki Yangu

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilishuka kwenye gari moshi pale stesheni ya Kilosa nikiwa na sanduku la bati na viatu vipya vilivyonibana. Nilikuwa msichana bado, nimetoka tu kumaliza kozi ya sheria, na nimeteuliwa kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kilosa sikuwa na ndugu wala jamaa. Nilipanga chumba nyumba ya wageni, nikaoga, nikabadili nguo, nikaenda mahakamani kuripoti.

Barazani niliwakuta wazee wawili wamekaa kwenye benchi. Nikainama kidogo, nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba, mwanetu." Hawakujua mimi ni nani, nami sikujua kwamba wao ndio wazee wa baraza, yaani wananchi wanaoketi pamoja na hakimu kusikiliza kesi na kuiamua.

Hakimu Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa mahakimu wa pale, alikuwa ameniona kupitia dirisha. Nilipoingia ofisini kwake hakuniuliza habari za safari.

"Umewaamkia wale wazee?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni sawa na baba zangu."

"Vizuri. Endelea kuwaamkia huko nje. Ukishaingia chumba cha mahakama, watu wa rika lao ndio watakaosimama mbele yako na wewe ndiye utakayekaa. Siku ukiona anayesimama mbele yako ni mtu wako wa karibu, basi usikae. Utasimama, utasema kwa nini, na utamwachia mwingine kiti. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nawaza chakula cha mchana nitakipata wapi.

Nakueleza haya wewe kijana unayetaka kusomea sheria kwa sababu najua unavyoiwaza kazi hii. Unamwona mtu amevaa vizuri, anasema maneno mazito, watu wamenyamaza wanamsikiliza. Mahakama ya mwanzo haikuwa hivyo. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi kusimama kwetu. Mtu alikuja mwenyewe na jambo lake, akalieleza kwa Kiswahili chake, wengine kwa tabu, hasa wafugaji waliokuwa wameanza kuhamia kutoka kanda ya ziwa. Hakimu ndiye aliyeandika kila neno la shahidi kwa mkono wake, kisha akamsomea ili ahakikishe. Vidole vyangu viliota sugu.

Na hakimu hakuwa mfalme. Katika kesi moja ya ng'ombe walioingia shamba la mahindi, mimi niliona mfugaji hana hatia, kwa kuwa njia ya kwenda mtoni ilikuwa imelimwa. Wazee wangu wawili waliona vingine. Tulibishana ofisini mpaka karani akachungulia. Kwa utaratibu wetu hukumu ilikuwa ile ya walio wengi, na wengi walikuwa wao. Nikaingia, nikaisoma kwa sauti yangu hukumu nisiyokubaliana nayo, huku yule mfugaji akinitazama mimi peke yangu. Alidhani ni yangu, na sikuruhusiwa kumwambia kinyume. Alikata rufaa, sikujua iliishia wapi. Mafaili yakishaondoka mezani kwako huwa hayarudi kukusalimia.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Mikumi. Ulikuwa wakati biashara imefunguliwa. Muda si mrefu kabla ya hapo, mtu aliyekutwa na katoni za sabuni nyumbani aliitwa mlanguzi. Sasa sabuni zilipangwa kandokando ya barabara kuu, pamoja na mitumba, redio na masufuria. Malori ya kwenda Zambia yalisimama mchana na usiku, na kila mwenye kiwanja jirani na barabara aligundua kwamba amekalia mali. Ndugu waliokuwa wakipatana vizuri walianza kuletana mahakamani.

Hapo ndipo nilipofahamiana na Mama Hamisi. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Wazazi wa mumewe walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Yeye na mumewe walijenga nyumba ya vyumba vinne, na upande wa mbele akafungua mgahawa wa madereva. Kila mtu Mikumi aliniita Bi Hakimu na kupunguza sauti nilipopita. Mama Hamisi aliniita shoga.

"Shoga, wewe unapikia nani huko kwako? Njoo ule na watu."

Nililipia chakula changu kama mteja yeyote, lakini sikula kwenye meza za wateja. Nilikula uani, kwenye mkeka, naye akinisimulia visa vya madereva mpaka nikapaliwa. Kwa miaka yangu yote ya kazi, ule mkeka ndio mahali pekee niliposahau kuwa mimi ni hakimu.

Mumewe akafariki. Nilienda msibani, nikakaa na wanawake wenzangu. Arobaini ilipopita, mchana mmoja Mama Hamisi aliacha chungu jikoni akaja kukaa karibu yangu.

"Shoga, mashemeji wameanza. Kaka mkubwa wa marehemu anasema nyumba ni ya ukoo, mimi nichukue wanangu nirudi kwetu. Nimeambiwa nije kwenu nifungue mirathi."

"Njoo ufungue. Karani atakuelekeza."

"Sikiliza kwanza. Kile kiwanja, marehemu—"

"Usinieleze, Mama Hamisi."

"Kwa nini? Si wewe ndiye utakayesikiliza?"

"Ndiyo maana nasema usinieleze."

Alinitazama, kisha akacheka, akidhani ni mambo yetu ya ofisini tu. Akasema, "Haya, nitakueleza hukohuko." Nikaona furaha usoni pake, ya mtu aliyebeba mzigo na sasa amefika mahali pa kuutua. Sikupata moyo wa kumwambia lililokuwa kichwani mwangu.

Aliomba awe msimamizi wa mirathi, yaani mtu anayekabidhiwa mali ya marehemu ili aigawe kwa wanaostahili. Shemeji yake akaweka pingamizi. Siku ya kusikilizwa, chumba kilijaa. Mama Hamisi alivaa khanga mpya na akakaa benchi la mbele. Nilipoingia alinitupia tabasamu dogo.

Nikasimama. Nikasema kwamba mimi na mwombaji ni marafiki, nakula kwake, na nilikuwa msibani kwa mumewe. Kwa hiyo sifai kusikiliza shauri hili. Najitoa. Faili litapelekwa Kilosa kwa Hakimu Mfawidhi, naye atampangia hakimu mwingine.

Shemeji mtu alionekana kutotegemea hilo. Mama Hamisi alinyanyuka.

"Kilosa? Nani ananijua mimi Kilosa?"

Karani akamwambia aketi. Hakuketi. Aliniuliza, mbele ya watu wote, si kwa hasira bali kama mtu aliyepotea njia, "Shoga, kwani nimekukosea nini?"

Nilitamani kumjibu. Lakini neno lolote ambalo ningemwambia pale, shemeji angelisikia na kulitumia. Nikamwita karani, nikamwambia alete shauri linalofuata.

Hakimu Mfawidhi alipopata faili alinipigia simu ya ofisini. "Umefanya sawasawa," akasema. "Sasa kaa mbali naye mpaka liishe. Usimuulize, usimtume mtu, usile kwake. Najua si rahisi." Ndiyo pole pekee niliyopewa.

Mama Hamisi alikwenda Kilosa mara nyingi. Njia yenyewe ilikuwa ile ya vumbi inayopita kijiji kiitwacho Ulaya, na magari yalikuwa ya kubahatisha. Alfajiri nilimwona kituoni na mtoto mgongoni, na jioni nilimwona akirudi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mgahawa ulifungwa siku hizo. Nilikuwa na jiko, na mikono miwili, na ningeweza kumshikia yule mtoto. Nilibaki dirishani. Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu. Nilifua hata nguo safi, nikasikiliza taarifa ya habari ile ile mara mbili.

Alishinda. Hakimu wa Kilosa aliona kwamba nyumba ilijengwa na mume na mke kwa jasho lao, akampa usimamizi. Shemeji akakata rufaa mahakama ya wilaya, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mjane ni rafiki wa hakimu wa Mikumi. Nilisimuliwa baadaye kwamba hakimu wa wilaya alimuuliza swali moja tu: huyo rafiki alisikiliza shauri? Akajibu hapana, alijitoa. Rufaa ikatupwa. Ningekaa kwenye kile kiti nikampa Mama Hamisi ushindi, ushindi huo ungevunjwa siku ile.

Nilirudi mgahawani nikiwa na hakika kwamba sasa nitamweleza. Mama Hamisi alitoka jikoni, akafuta meza ya wateja kwa kitambaa, akavuta kiti.

"Karibu, mheshimiwa. Leo kuna wali na maharage."

Nilikula mezani, nikalipa, nikaondoka. Muda si mrefu nikahamishwa tena, safari hii upande wa Lumuma, na baada ya hapo vituo vingine mpaka nywele zikawa nyeupe. Sikuwahi kutafuta tena mkeka wa mtu. Nilikuwa na majirani wazuri walioniheshimu, na heshima ni kitu kizuri, ila haiji kukugongea mlango kuuliza kama umekula.

Nilistaafu, nikajenga kibanda changu Kilosa. Vijana wa mtaani wakija kuniuliza habari za kusoma sheria, huwa siwaulizi kama wanajua kuongea. Nawauliza kama wanaweza kumtendea haki mtu wanayempenda, naye akaondoka akiamini wamemtupa. Wengi hucheka. Mmoja aliuliza kama mtu huyo hurudi. Huyo nikamwambia akajaze maombi ya chuo.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda Mikumi. Nilimkuta Mama Hamisi kwenye baraza ya nyumba ile ile, amezeeka kama mimi, anachambua mchele. Tulisalimiana, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote: kiti, rufaa, swali la hakimu wa wilaya.

Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Kisha akasema, "Hayo nilishaelezwa na wakubwa wa Kilosa. Nilielewa. Nyumba umeniokolea, nashukuru." Akatupa kijiwe uani. "Lakini ningekuwa mimi, nisingesimama. Ningekaa palepale kwa ajili yako, liwalo na liwe."

"Najua," nikamwambia. "Na nyumba ingekwenda."

"Ingekwenda," akasema. "Tungekuwa tumekaa wawili nje yake."

Nilisogeza kigoda, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kumsaidia kuchambua.