Sauti Kavu ya Mama Waya

Mama Waya alianguka kutoka kwenye ngazi siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, akiwa anafunga spika kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano. Spika haikupata hata mkwaruzo. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliuliza, akiwa bado amelala sakafuni na vumbi la chokaa usoni, na waliomwinua walilisimulia mtaa mzima. Wala hakuna aliyeshangaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, fundi wa redio na amplifaya, mwenye kibanda kilichojaa koili, transfoma na redio zilizofunguliwa matumbo. Kitu kibovu kikimjia mikononi, alikipokea kama mtu anavyompokea mtoto anayelia: kwanza anakituliza, maswali baadaye.

Aliyeumia ni yeye. Bega la kulia lilivunjika mahali pawili. Plasta ilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliuvuta ule mkono huku na huku kwa miezi mitatu, kisha akamwambia bila kuzunguka: "Mama, mkono utafanya kazi. Utashika bisibisi, utakula, utafua vitu vidogovidogo. Ila kiwiko hakitanyanyuka tena kama zamani."

"Na gitaa?"

"Gitaa la namna gani?"

Mama Waya akamwonyesha kwa mkono mzima unene wa gitaa lake kavu, lile lisilotumia umeme, lenye tumbo kubwa ambalo mpigaji hulikumbatia kama pipa. Mtaalamu akautazama ule unene, akalitazama bega, akatikisa kichwa. Jibu likawa hilo.

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili saa tisa alasiri, Mama Waya alikuwa akipiga gitaa hilo kwenye ua wa hoteli ndogo karibu na kituo cha treni. Aliyeimba ni wifi yake, dada wa mumewe, mkunga ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Wawili hao damu zao zilipatana tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mume hakulielewa hata siku moja, maana alikuwa amejiandaa kwa vita akakuta muziki. Wifi alikuwa na sauti ndogo, laini, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto huku akifikiria jambo lingine. Ilihitaji gitaa linaloongea nayo kwa adabu. Gitaa kavu lilikuwa na adabu hiyo.

Siku moja mume, dereva wa lori la maji, mtu wa maneno machache, aliingia kibandani akavuta kutoka nyuma ya rafu gitaa la umeme ambalo mteja fulani alilileta kutengenezwa, bendi yake ikavunjika, asirudi tena. Lilikuwa bapa kama kibao cha kukatia mboga.

"Hili halina tumbo," akasema. "Jaribu."

Mama Waya akalipakata. Kiwiko kikakaa vizuri, bega likatulia. Akapiga nyuzi mbili tatu, machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia vumbi.

Jumapili iliyofuata walirudi hotelini. Meneja alifurahi, wateja wakapiga makofi, kisha muziki ukaanza na furaha ikaishia hapo. Gitaa lile lilikuwa kali, linang'ata masikio, kila noti ikining'inia hewani kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko mlangoni. Sauti ya wifi ikamezwa. Alijikaza kisabuni mpaka wimbo wa mwisho, shingo imemtoka mishipa.

Njiani kurudi nyumbani wifi akauliza, "Wifi yangu, hivi leo nimeimba au nimekimbizwa?"

Mama Waya akacheka, ila mwenzake hakucheka.

"Nisikilize vizuri. Mimi kwa miaka thelathini nimefanya kazi kwenye chumba ambacho mwenye haki ya kupiga kelele ni mtu mwingine. Siwezi kuanza sasa. Tafuta mwimbaji mwenye mapafu, upige gitaa lako. Sina kinyongo, wallahi."

Na kweli hakuwa nacho. Aliendelea kuja kuwajulia hali, kunywa chai na kumsema kaka yake kwa kunenepa. Ila Jumapili saa tisa alikuwa na udhuru kila wiki, na wote wawili wakawa wanapita mbali na habari za nyimbo, kama watu wanaokwepa shimo barabarani.

Hapo ndipo Mama Waya alipopiga moyo konde. Akasema kama anaweza kuifanya redio ya mwaka arobaini na saba iongee, atashindwaje kufundisha mbao na waya kunong'ona?

Alianza kwa kusikiliza. Alimkalisha mume kitini, akampakatisha lile gitaa kavu, akamwambia avute uzi mmoja, mmoja tu, tena na tena. Yeye akaweka sikio juu ya ubao, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Mume, ambaye hakujua kupiga hata kengele ya mlango, alivuta uzi ule mchana kutwa.

"Unasikia nini?" akauliza hatimaye, kidole kimeshaanza kuwaka.

"Nasikia vitu vitatu. Kwanza kidole chako kinabisha hodi. Halafu ubao unavuta pumzi. Halafu sauti inakufa mapema. Lile la umeme halibishi hodi, halipumui, na kufa halijui."

Basi akalishughulikia jambo moja baada ya jingine, miezi minne, kati ya kazi za watu. Alitoa nyuzi nyembamba akafunga nene. Gitaa lile lilikuwa na sumaku mbili za kunasa sauti chini ya nyuzi: akaizima ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, kwa kuwa ndiyo yenye ukali, akabaki na ile ya karibu na shingo, akaishusha kwa bisibisi robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka ikakaa mbali na nyuzi. Ukali ukapungua kama chai iliyotiwa maziwa. Alipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe na kuacha amplifaya ifanye kazi ya kuikuza taratibu. Alitupa kile kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi, akawa anatumia nyama ya vidole. Kipande chembamba cha sponji, upana wa kijiti cha kiberiti, akakichomeka chini ya nyuzi kando ya daraja, ili noti zijifunze kuaga na kuondoka.

Ikawa bora, ila haikuwa yenyewe. Hodi ya kidole bado haikusikika. Akatafuta kwenye makopo yake kile kisahani cha shaba, chembamba kama sarafu, kinachotoa mlio ndani ya saa ya mezani. Alijua siri yake: kisahani hicho ukikipa umeme kinalia, na ukikigonga kinatoa umeme. Alikibandika kwa gundi chini ya daraja la gitaa. Mara ya kwanza kilipiga mluzi uliowafanya mbwa wa mtaa wajibu. Mara ya pili kikalia kama bati linalokwanguliwa kwa uma. Mara ya tano, baada ya kukifunika kwa kitambaa na kukipunguza mpaka kisikike kwa mbali tu chini ya sauti ya sumaku, kikaanza kubisha hodi kwa heshima.

Ikabaki pumzi ya ubao. Hapo alikwama wiki tatu, akawa anapika huku anatazama ukuta. Na ukutani ndipo lilipokuwa gitaa lake kavu, limetundikwa.

Wazo lilimjia akalikataa. Likarudi. Kwamba afungue spika ndogo, aondoe karatasi yake, abaki na koili na sumaku yake, kisha aigundishe ile koili moja kwa moja kwenye kifua cha gitaa kavu. Sauti ya gitaa bapa ingepita kwenye waya, ingetikisa ule ubao, na ubao ungepumua wenyewe. Lakini gundi ile ikishashika haitoki, na ile rangi ya asali ya mbele ingeharibika moja kwa moja. Hilo lilikuwa gitaa alilonunuliwa na marehemu mama yake kabla hajaolewa.

Siku ya tatu alimwita mume. "Nishikie hapa. Na usiniambie neno, maana ukiniambia neno nitaghairi."

Mume akashika. Gundi ilipokauka, akathubutu: "Sasa umelivisha gitaa gitaa."

Waliliegemeza lile kavu kwenye kiti upande wa pili wa chumba, kama mgeni. Mama Waya akapakata lile bapa, akagusa nyuzi. Na kwenye kiti, bila mkono wa mtu, gitaa la mama yake likaitika. Mume akasimama, akatoka nje, akaenda kukagua matairi ya lori ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Alasiri hiyohiyo wifi alikuwa anakuja na nguo za kushona. Alipofika uani akasikia. Alisimama pale kwenye kamba ya kuanikia. Aliijua sauti ile kama anavyoijua milango ya nyumba yake: kile kishindo kidogo cha kidole, ile pumzi ya ubao, ile namna noti inavyozimika ikiacha nafasi ya mtu kuingia. Akaingia kwa kishindo, mfuko wa nguo ukaanguka mlangoni.

"Kumbe bega limepona!" akafoka, na sauti yake ndogo ikapanda mpaka ikavunjika. "Umepona, unapiga gitaa lako, na mimi hukuniambia! Wifi, ungesema tu kwamba umenichoka! Mimi ningekufa?"

Mama Waya alibaki na mikono juu ya nyuzi. Akanyanyua kiwiko cha kulia kadiri kilivyoweza, na hakikufika popote. Wifi akaona lile gitaa bapa mapajani. Akafuata waya kwa macho, sakafuni, chini ya meza, mpaka kwenye kiti, akaliona gitaa kavu limekaa peke yake na chuma kimegandishwa kifuani.

"Sauti imetoka wapi?" akauliza polepole.

"Gusa."

Wifi akaweka kiganja kwenye ubao, kile kiganja kilichozoea matumbo ya akina mama. Mama Waya akapiga uzi wa chini. Wifi akashtuka, akautoa mkono, akaurudisha.

"Linacheza," akasema. "Liko hai." Kisha akaiona ile rangi iliyoharibika, na kwa kuwa alijua gitaa lile lilitoka kwa nani, akaketi chini sakafuni na gauni lake jeupe la kazi, akalia bila kujificha. "Umefanya hivi kwa ajili ya sauti yangu hii ya kulazia watoto?"

"Mimi sina nyingine ninayoipenda," Mama Waya akajibu, akaanza wimbo. Wifi aliingia kwenye mstari wa pili, akiwa bado na kamasi.

Jumapili walipanga vitu vyao kwenye ua wa hoteli: kiti cha Mama Waya, kiti cha wifi, na kiti cha tatu cha gitaa kavu. Meneja akawauliza kama mwenzao wa tatu naye atakunywa soda. Wakaanza. Watu waliokuwa wanaongea walipunguza sauti wenyewe, maana muziki wa namna ile haumfokei mtu, humfanya asogeze kiti. Mzee mmoja aliyekuwa na tiketi ya treni mkononi aliikunja akaitia mfukoni.

Katikati ya wimbo wa nne umeme ukakatika. Jokofu la vinywaji likanyamaza, feni zikasimama, na gitaa kavu kitini likafa ghafla. Meneja akashika kichwa. Wifi alikuwa katikati ya neno, na hakulikata. Aliliendeleza, peke yake. Mama Waya naye hakuacha. Zile nyuzi nene, juu ya ubao bapa usio na tumbo, zilitoa sauti ndogo sana, kama mtu anayetembea na soksi. Lakini ua mzima ulikuwa umenyamaza, na sauti ya wifi haikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Vijiko viliwekwa chini. Ikasikika mpaka meza za nyuma. Wakamaliza wimbo hivyo, na wimbo mwingine, na umeme uliporudi baadaye hakuna aliyepiga makofi kwa ajili yake.

Bega la Mama Waya halikupona, na hana muda wa kulisikitikia. Wapigaji kutoka mitaa mingine humjia na magitaa yao ya umeme, wengi wamebeba vifaa vyenye taa za kila rangi, wakitaka sauti kavu. Huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huwaambia wapunguze. Wapunguze sumaku, wapunguze ukali, wapunguze haraka ya mkono. Wengine huondoka wakinung'unika kwamba wamefika kwa mganga asiye na dawa. Wengine hukaa, na hao huwafundisha kila anachojua bila kuficha hata waya mmoja.

Wifi naye, siku hizi amestaafu ukunga, amejitwalia kazi nyingine. Kila Jumapili kabla ya saa tisa huketi kwenye kiti cha mbali zaidi uani, anatega sikio, anainua kidole. "Bado inang'ata, wifi. Shusha kidogo." Na fundi aliyefanya kazi hii kwa miaka thelathini, anayejua kila skrubu ya kifaa kile, huchukua bisibisi akashusha.