Karatasi ya Wayne Ukutani

Loretta Vukovic alifundisha kuandika miaka kumi na tisa kwenye chuo cha mji wa machimbo, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Ndiyo, kibarua mwenye shahada mbili. Vitabu vyake vilikaa kwenye buti la gari. Ofisi yake ilikuwa kichumba alichogawana na makopo ya rangi na mwalimu mmoja wa hesabu, Gordon Pelto, mtu asiyejua kunyamaza. Kila Agosti alikaa karibu na simu kama mchumba aliyeachwa, anangoja kuambiwa muhula huu ana madarasa mangapi. Akipata matatu, ana bima ya afya. Akipata mawili, anaomba Mungu jino lisiume.

Lakini kufundisha alijua, hilo hata asiyempenda hamnyimi.

Mwanzoni alikuwa kama wenzake tu. Kalamu nyekundu, karatasi inarudi kwa mwenyewe utadhani imechinjiwa kuku juu yake. Mwanafunzi anatazama alama, anaitupa kwenye pipa, wiki ijayo makosa ni yale yale. Ilimchukua miaka kuliona hilo, maana hakuna mtu mgumu kufundishika kama mwalimu. Akabadilisha. Akawa anamketisha mwanafunzi mbele yake, anamwambia soma mwenyewe, kwa sauti. Yeye anakalia mikono yake. Kweli kabisa, anaiweka chini ya mapaja isije ikanyakua kalamu. Na mtu akisoma chake kwa sauti hujikwaa penye shimo bila kusukumwa. Anasimama, anasema hapa pabaya. Loretta anamuuliza, "Ulitaka kusema nini?" Anasema. "Basi andika hivyo hivyo." Rasimu ya kwanza haina alama, ya pili haina, mpaka ya tatu.

Muhula wa Januari akampata Wayne Niemi. Miaka hamsini na moja, ishirini na nane kati ya hiyo yuko shimoni anatoboa mwamba, mpaka kampuni ilipowafukuza wote siku moja. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika, akaona kumbe kuuguza anakuweza, akataka unesi. Na mlango wa unesi haufunguki kwa mtu asiyefaulu kuandika. Penseli mkononi mwake ilionekana kama njiti ya kiberiti.

Kazi waliyopewa ilikuwa hii: mweleze mtu kazi unayoijua wewe na yeye haijui. Wayne akaleta mistari minne juu ya kusikiliza mashine ya kutoboa mwamba.

"Ndiyo yote, mwalimu. Nimekamua mpaka basi."

"Umekamua ng'ombe mkavu. Soma."

Akasoma. Akakuna kichwa. "Inachosha."

"Inachosha kweli."

"Si ungenificha kidogo!"

"Nikufiche, umekuwa bibi harusi?"

Akacheka, akaenda, akarudi na ukurasa mzima. Namna mashine inavyolia ikikuta mwamba laini, inavyonguruma ikikuta chuma, na ule mlio mwembamba unaokwambia zima sasa hivi. Loretta hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Na asiyeizima?" Wayne akaikunja karatasi, akaenda zake. Rasimu ya tatu akaja nayo ndani ya koti, akasema hii ataisoma mbele ya darasa zima. "Kuna kitu nimekiweka humo. Hata mke wangu sijamwambia."

Wiki hiyo hiyo Gordon akamletea habari, mdomo umejaa mkate.

"Lo, ajira ya kudumu imefunguliwa. Moja tu. Alhamisi Dokta Haugen anakuja darasani kwako na fomu yake."

"Aje."

"Aje nini! Ile fomu ina mstari mmoja wa maana: mwalimu anafanya nini. Carla mwaka jana aliwaacha wanafunzi wasomeane, Haugen hakuandika hata neno. Carla leo anauza mazulia."

"Mimi nitafundisha ninavyofundisha."

"Basi kamsaidie Carla kuyakunja."

Alhamisi mkuu wa idara akaja, Brenda Haugen, mwanamke nadhifu, akaketi nyuma, fomu juu ya goti, kalamu juu ya fomu. Loretta akamwita Wayne. Wayne akasimama pembeni ya meza ya mwalimu na kofia yake mkononi, akaanza. Darasa likatulia. Alisoma polepole mpaka akafika pale:

"Ule mlio ulibadilika na mimi niliusikia, nikasema moyoni nimalizie shimo hili tu, na Toivo alikuwa ameweka mkono pale, na mimi niliusikia, niliusikia kabla."

Akakomea hapo, kidole juu ya mstari. Toivo asiye na vidole vinne anajulikana mji mzima, anakunywa kahawa kila asubuhi kwenye duka la mafuta, na mji mzima ulijua kwamba ni ajali.

Loretta alikuwa ameketi, mikono chini ya mapaja, kama kawaida yake. Ilibaki kungoja tu. Wayne angemalizia, angejua mwenyewe cha kufanya. Lakini macho ya Loretta yakaenda nyuma ya darasa, akaiona ile kalamu. Imelala. Fomu nyeupe. Dokta Haugen anatazama saa.

Mikono ikatoka.

"Asante, Wayne. Hebu lete." Akaichukua karatasi mkononi mwa mtu aliyekuwa hajamaliza kusoma. Akaiweka chini ya kile kimashine kinachorusha maandishi ukutani, ikatokea kubwa kama shuka, mwandiko wote ule wa kijiti. "Tuangalie sentensi hii, wote. Ni ndefu mno. Na ameandika 'niliusikia' mara ngapi?"

"Tatu," akasema msichana wa mbele.

"Moja inatosha." Akakata mbili kwa nyekundu. Akaigawa sentensi vipande. Akaeleza kwa nini, akachora mishale, sauti yake imechangamka kama muuza sabuni. Huko nyuma kalamu ya Dokta Haugen ikaanza kukimbia, ikakimbia mpaka mwisho wa kipindi.

Wayne alisimama palepale mpaka alipoambiwa aketi. Akasema, "Asante, mwalimu." Karatasi hakuja kuichukua.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Wiki ya pili Loretta akawasha gari, akamfuata kwake, akamkuta juu ya paa anasukuma theluji kwa koleo.

"Mwalimu! Umepotea njia?"

"Rudi darasani, Wayne. Mwisho wa kujiondoa kwenye somo ni Ijumaa."

"Nimeshajiondoa."

"Nilikosea. Ni yule mama na fomu yake…"

"Nilimwona." Akachota theluji, akaitupa upande wa pili. "Hata sisi tulikuwa na wakaguzi. Mkaguzi akishuka shimoni, kila mtu anavaa miwani yake ya usalama."

"Kumbe unaelewa."

"Naelewa sana. Wala sijakukasirikia."

"Basi shuka, tuanze upya. Nitakusikiliza."

Wayne akaegemea koleo. Uso mwekundu kwa baridi, pumzi inatoka kama moshi. "Ile ndiyo niliyokuwa nayo. Sina nyingine ya kukuletea. Na zile tatu, mwalimu, nilijua ni tatu. Sogea hapo, bonge linakuja."

Akasogea. Theluji ikaanguka pale alipokuwa amesimama, naye Wayne akamgeuzia mgongo, akaendelea na paa lake.

Aprili barua ya ajira ya kudumu ikaja. Loretta aliisaini amesimama, koti hajavua. Mji ulimpongeza. Watu husema angefanyaje, na umri ule, bila bima. Hao ndio wanaosema hivyo kwa kila kitu. Alipewa ofisi yenye dirisha, jina lake mlangoni, na Gordon akamletea mmea.

Agosti Dokta Haugen akawakusanya walimu wapya. Alitaka waonyeshwe mtindo wa Loretta, ule wa ukutani, akaomba mfano. Loretta alikuwa na karatasi moja kwenye droo, ile ambayo mwenyewe hakuja kuichukua. Angeweza kutoa nyingine, darasa zima lilikuwa limeandika. Akatoa hiyo. Jina wakalifunika, wakatoa nakala ishirini, zikakaa mezani kando ya mkate wenye kokwa za jozi na kahawa.

"Tazameni sentensi hii kabla na baada," akasema Dokta Haugen. "Sasa inasomeka."

Kijana mmoja mwalimu, mgeni, hajazoea, akaisoma mara mbili pale palipokatwa. Akainua macho kwa Loretta.

"Samahani, mwalimu. Huyu mwanafunzi aliishia wapi?"

Loretta akajipangusa makombo ya mkate kwenye sketi.

"Alifaulu," akasema. "Yuko unesi sasa."