Mtu wa Kodi

Nduta alipoambia watu wa mtaa wa Gatina kwamba anatafuta mtu wa kodi, walimwelewa: mama mwenye ploti amechoka kupanda ngazi akiwagongea wapangaji kudai pesa za nyumba. Lakini Khamala, mlinzi wake, alipeleka habari kwa binamu yake Phanice huko Gatwekera hivi: "Kuna mama jengo lake lina kliniki, anataka mtu wa kodi."

Phanice alikuwa na cheti cha kodi za magonjwa, zile namba ambazo hospitali huandika ndipo bima ilipe. Akaja kwa miguu, blauzi imepigwa pasi.

"Malaria ina kodi yake, mama. Hata kuumwa na mbwa."

"Na mpangaji anayejificha chini ya kitanda, yeye ni kodi gani?"

Phanice alianza kucheka, kisha akaelewa. Kliniki yenyewe ilikuwa ya mpangaji tu, na haikupokea bima.

"Hiyo kazi yako inalipa ngapi?" Nduta akauliza.

"Ukiandikwa, kama elfu ishirini na tano. Lakini wanataka uwe umefanya miaka miwili."

"Umefanyia wapi?"

"Si ndio hiyo sasa. Hakuna anayenichukua."

Mwenye shida huuza kabla hujamuuliza bei. Nduta akasema elfu kumi kwa mwezi, amkusanyie kodi ya nyumba. Phanice hakubishana, aliomba tu asubuhi ziwe zake, azunguke hospitali. Nduta akakubali, maana asubuhi wapangaji wako kazini.

Phanice aliijua kazi. Alikaa kizingitini kwa mpangaji, akauliza habari za mahindi na za matanga huko nyumbani, akatoka na pesa. Hata Walubengo, fundi aliyepanga orofa ya juu, alimaliza deni lake la zamani.

Kisha hospitali moja ikamwita. Akarudisha funguo, akashukuru. Hakukaa sana huko.

"Walisema mshahara unakuja," alimwambia Nduta aliporudi. "Halafu wakaleta mashine inayoandika kodi yenyewe, wakatuachisha kazi. Ile nafasi yangu iko, mama?"

"Iko. Elfu nane."

"Ilikuwa kumi."

"Ilikuwa."

Khamala alikuwa ameshamwambia Nduta kwamba mlango wa kina Phanice umefungwa kwa kufuli na mwenye nyumba, na mama yake Phanice analala kanisani.

"Na asubuhi zangu?"

"Asubuhi utaosha ngazi."

Phanice akachukua funguo.

Nduta akaona ameokoa elfu mbili. Lakini Phanice hakukaa tena kizingitini. Aligonga mara moja, akinyamaziwa, alishuka. Walubengo alilimbikiza kodi ya miezi miwili, elfu kumi na mbili, kisha akahama asubuhi, peupe.

"Alipita na kitanda kwa ngazi hizi hizi," Nduta alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nikiosha."

"Ukafanya nini?"

"Nilisogeza ndoo apite."