Dobi Aliyedhaniwa Daktari

Kuluthum, mjane mshona kofia wa Bondeni, hakuwa na subira na watu wanaongoja gazeti liwape ruhusa ya kucheka. Mwaka huo wa hamsini na sita filamu ya Kihindi ilifika Nakuru: dobi anajaribu koti la daktari, mji mzima unamwita daktari, mpaka anaitwa kupasua jipu la jaji. Kuluthum hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Alicheka mpaka machozi, akarudi wiki ya pili. Jumatano alasiri sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na tangu mumewe afe, hizo ndizo saa pekee alizocheka.

Sasa Farah, karani wa duka la vyuma, alitaka kumnyang'anya hata hizo. Bwana huyu alisoma gazeti la Nairobi lililosema filamu ile ni upuuzi mtupu, akaenda kulihubiri barazani kama aliyeliandika mwenyewe. Ati mtu mwenye akili hawezi kumfananisha mtu wake na mwingine kwa sababu ya nguo. Akaandika barua ya kumtaka mwenye sinema afute Jumatano ya wanawake. Ijumaa baada ya swala angeisoma, wazee watie sahihi. Na wangetia, wale hutia sahihi chochote kilichoandikwa kwa wino. Kuluthum akitajiwa Farah alisema tu, "Debe tupu," akaendelea kushona.

Jumatano hiyo wanawake walitoka sinema, mabuibui meusi matupu, nyuso zimefunikwa. Farah alikuwa mlangoni, katoka kazini moja kwa moja, maana alimkataza mkewe Safiyo kuja na hakumwamini. Akashika ncha ya buibui la Kuluthum.

"Safiyo, mbele ya watu sisemi. Twende."

Kuluthum alitaka kumsahihisha, akakumbuka ile barua. Akamfuata hatua tatu nyuma, kama mke. Njia nzima Farah alimkaripia bila kugeuka.

"Una nini cha kutazama pale? Mimi nimeiona mara mbili, na pale pa jipu nilicheka kwa aibu tu."

Mara mbili, mnafiki huyu. Kuluthum aliuma buibui lake asicheke.

Mlango ulifunguliwa na Safiyo, mwiko mkononi. Hakuwa ametoka siku nzima. Alimtazama mumewe, akamtazama mwanamke aliyefunikwa nyuma yake, akauinua mwiko.

"Kwa hivyo ndiye huyu," alisema. "Umemuoa lini?"

Farah aligeuka. Kuluthum akafunua uso taratibu.

"Tulia, mwanangu. Mimi ni Kuluthum mshona kofia. Mumeo kanifananisha tu, kwa sababu ya nguo." Kisha akamgeukia Farah. "Hii nayo utaiandika kwenye barua yako, ama niwasimulie wazee mwenyewe?"

Ijumaa hakuna barua iliyosomwa. Jumatano iliyofuata Safiyo alikaa kando ya Kuluthum, na jipu lilipopasuliwa wakashikana mikono kwa kicheko. Walipotoka, Farah alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akingoja mkewe aje amtambue yeye.