Punda Haitwi "Hii"

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Nikikutwa na uongo, hata wa ukubwa wa kiroboto, nivalishwe tandiko nivute mkokoteni mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

Ni alfajiri, ukungu haujaamua kuondoka. Katika chumba chenye dirisha la uwani, mama mmoja anachambua sufi. Anaijaza kwenye mfuko wa turubai, anaubonyeza kwa ngumi, kisha anaushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Litakuwa tandiko la begani la mnyama wa mkokoteni, ili kamba isimle nyama.

Sufi inaruka. Inapanda darini, inashuka kwenye nyusi zake, inatua juu ya chai. Upepo ukitulia, hujaa chumbani mpaka nyumba yenyewe ikainuka kidogo, kimo cha kiganja, na mwenye nyumba huifunga kwa kamba kwenye nguzo ya lango. Nimeona kwa macho yangu.

Mtaani wanamwita Fundi Sufi. Tandiko moja humpatia unga wa siku mbili, na sabuni pia kama mteja hakulilia kupunguziwa.

"Kazi hii alinifundisha marehemu mume wangu," anasema bila kuinua macho. "Aliniambia, ukimaliza kushona, livae mwenyewe kwanza. Likikuumiza wewe, litamuumiza yeye."

Uwani kuna punda wa kijivu. Amelala wima, macho nusu wazi, mdomo wa chini ukitikisika kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Anaitwa Mstaafu. Fundi anaapa kwamba alimpa jina hilo kabla hajanifahamu mimi na pensheni yangu. Sijamwamini.

Mabegani Mstaafu ana vidonda vinavyoanza kufunga, na mgongoni ana alama za fimbo. Mwenye punda ni shemeji yake Fundi, mdogo wa marehemu, msafirisha matofali. Sheria iliyopo humtoza mtesaji faini ndogo, kisha humkabidhi kamba aondoke na mnyama wake. Shemeji aliposhtakiwa, punda aliachwa kwa Fundi atibiwe; akalipa, akatangaza kwamba Ijumaa atakuja kumchukua.

"Akirudi kule, mvua nyingine haimkuti," Fundi aliniambia.

Wiki hiyohiyo muswada wa kukaza sheria ulipelekwa kwa wananchi watoe maoni. Ulitaka mtesaji afungwe jela. Ulikuwa pia na kifungu kimoja ambacho Fundi alikikariri kama dua: mnyama aliyeteswa asirudishwe kwa aliyemtesa. Alijua kwamba hata ukipita, Ijumaa itafika kwanza. Akaenda kwenye kikao cha maoni hivyo hivyo, sufi ikiwa bado imemganda nyweleni.

Mlangoni mwa ukumbi wifi yake alimzuia. "Unataka kumfunga ndugu yetu kwa ajili ya punda?"

"Simfungi mtu, wifi. Namfungua punda."

Shemeji ndiye aliyetangulia kusema. Alisimama kifua mbele. "Waheshimiwa, hii ni mali yangu. Nimeinunua, naitunza, inafanya kazi. Ni kama toroli. Nani aliwahi kufungwa kwa kupiga toroli? Na wahenga walisema, fadhila ya punda ni mateke!"

Watu wakapiga makofi. Fundi akanyoosha mkono. "Shemeji, nakuuliza kwa heshima. Hiyo toroli yako uliipigia nini?"

"Si kwa ukaidi wake! Yeye njia anaijua vizuri, anafanya makusudi tu! Nikimsemesha ananitazama hivi, halafu anageuza uso, ananidharau..."

"Nani anakudharau, shemeji? Toroli?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Alianza na "hii", akaishia na "yeye", na ulimi ukishatoka haurudi kinywani bila kuonekana. Shemeji aliangaza macho sakafuni, akimtafuta yule "hii" wake kama mtu aliyedondosha ufunguo. Hapo Mstaafu, aliyekuwa ameingiza kichwa dirishani tangu mwanzo wa kikao, akalia mara moja kwa sauti nene, na karani akaandika: "Ameunga mkono."

Ijumaa shemeji alikuja na kamba. Fundi alisimama katikati ya lango, shazia mkononi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba punda alionekana masikio tu.

Shemeji alikohoa. "Yeye... anaendeleaje?"

"Jana alikula vizuri."

Shemeji akaikunja ile kamba, akaitundika kwenye msumari wa lango. "Akae. Sheria ikipita, inikute nimeshatangulia. Nisije nikachekwa tena, shem."

Muswada bado haujapitishwa. Fundi anatumaini utapita, na ana mpango wa kuwafundisha wenye mikokoteni wote kushona matandiko. "Sheria imkataze mtu kupiga," anasema. "Mimi nitamwambia avae."

Nilidhani nimemaliza kuandika. Fundi akaomba nimsomee.

"Nyumba yangu inaruka?" alinikatiza. "Haya, hiyo ni sifa. Lakini Mstaafu alikuwa kikaoni? Babu wee, Mstaafu siku ile alikuwa hapa uwani, hawezi hata kusimama! Uliapa nini pale juu? Hebu nisomee tena."

Nikasoma tena, kwa sauti ndogo.

Basi ni mchana kweupe, nami niko mbele ya mkokoteni wa majani ya Mstaafu. Tandiko jipya ni laini, lakini kila shimo la barabara linafika begani, na sasa naelewa kwa nini marehemu alitaka livaliwe. Shemeji ameshika hatamu, anafurahi kupita kiasi.

"Shem!" anapaza sauti. "Hii inakwenda polepole!"

"Huyu, shemeji," Fundi anamjibu kutoka langoni. "Sema *huyu*. Na usimpige."