Farasi wa Mahari

Nilipoulizwa nataka mahari gani, nilisema farasi. Farasi mwenyewe sikumtaka. Nilitaka posa ivunjike.

Wakati huo kwetu ni Kongwa, baba akiuza vitambaa na shanga, na aliyeniposa alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na samli wa Mpwapwa, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, amekwisha kuzika mke mmoja. Katika dini yetu binti ndiye anayetaja mahari yake, na hapo hakuna wa kumziba mdomo. Nami nilijua, kama alivyojua kila mtu wa nchi ile, kwamba farasi kwetu hadumu. Wadachi waliwaleta kutoka pwani wamenona, ngozi zinang'aa, lakini masika yakiingia tu wanatoa povu puani, wanakufa. Mnyama wetu ni punda. Kwa hiyo kutaja farasi ilikuwa ni kusema sitaki, ila kwa adabu. Mama alificha uso ndani ya kaniki akacheka. Shangazi aliyetumwa kuniuliza aliondoka akinung'unika, "Huyu mtoto amelishwa nini?"

Nilijiona mjanja. Mdomo huponza kichwa, jamani.

Haukupita muda, Mdachi mmoja wa boma la Mpwapwa akarudishwa kwao kwa sababu ya homa, na vitu vyake vikauzwa. Miongoni mwa vitu hivyo alikuwamo farasi jike wa rangi ya kahawia, aliyekwisha kuugua ule ugonjwa akapona, na wajuzi wakasema farasi akishapona haumwi tena. Mchumba wangu akamnunua. Akaja naye mpaka Kongwa akimvuta kwa kamba, yeye mwenyewe kwa miguu, maana hakujua kumpanda. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya mlango wa baba akasema, "Mahari ya binti yenu hii hapa. Msimpe maji mengi kwa mara moja, amechoka."

Nani angekataa tena? Baba alikuwa akimshikashika yule mnyama shingo kama vile yeye ndiye anayeolewa. Mimi nililia, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni haya ya bibi harusi.

Basi nikaingia Mpwapwa mwenye mali. Nyumba ya mume wangu ilikuwa tembe kubwa ya paa bapa, vyumba vimezunguka uga pande zote, na lango moja tu. Karibu na lango aliketi mama mkwe juu ya kigoda chake, anachambua mboga, anasuka ukili, anasali, vyote palepale. Mke wa mtu mwenye heshima hakutoka ovyo. Alitoka kwa msiba na kwa harusi, amejifunika, amesindikizwa. Siku ya kwanza nilipouliza habari za farasi wangu, mume wangu alicheka kwa upole, akaniambia, "Farasi ni wako, bibie. Barabara si yako."

Barabara alikwenda yeye. Alijifunza kumpanda humo ugani, akaanguka, akapanda tena, na alipoweza akawa anakwenda naye msikitini kila Ijumaa. Mimi nilikuwa juu ya dari ya tembe nikianika mtama, namwona anavyokwenda amenyoosha mgongo juu ya mahari yangu. Akikaribia boma alishuka. Mtu mweusi hakupita mbele ya bendera ya Wadachi akiwa juu ya farasi, isipokuwa kama anaitamani hamsa ishirini ya viboko. Alipita akimwongoza kwa mkono, ameinamisha kichwa, na boma likibaki nyuma ndipo anapopanda tena. Nami nilifurahi, niseme kweli. Nilisema moyoni, na wewe nawe una lango lako.

Mwaka ule wa kwanza alikuwa bado anapenda kunifurahisha, akanifundisha. Nilivaa suruali yake chini ya kaniki, naye akanishikia kikuku cha tandiko nikatia mguu. Tulizunguka uga, tukapita jikoni, tukapita ghala la uwele, tukampita mama mkwe anayetazama chini kama anayeona uchafu, tukarudi jikoni. Nilidhani nitamchukia yule farasi kwa kuwa ndiye aliyenileta pale. Wapi! Nilimpenda. Nilipenda joto lake, na jinsi masikio yake yalivyogeuka nikisema neno. Nikiwa juu yake niliona juu ya paa, nikaona vilima, na kwa muda ule sikuwa mke wa mtu wala mkwe wa mtu. Kisha ukuta, kisha geuka. Katika uga ule huendi mbali kabla hujageuka.

Wakaja watoto. Farasi anakula kuliko ng'ombe na hana maziwa ya kukupa. Asubuhi mtoto analia, farasi anapiga kwato, na mama mkwe anasema kwa sauti ya kuuambia ukuta, "Wengine wanalea farasi, wengine wanawalelea watoto wao."

"Ukuta umesikia, mama," nikamjibu siku moja. Sikusemeshwa mpaka mwezi ulipoandama.

Kisha nikaanguka. Binti yangu wa kwanza alikuwa anaanza kusema maneno. Nilikuwa nimepanda, nazunguka kama kawaida, tarumbeta ya askari ikalia bomani, karibu kuliko siku zote. Farasi akaruka, mimi nikaangukia mkono. Mganga wa mifupa aliufunga kwa vijiti, nikakaa msimu mzima wa kilimo siwezi kumbeba mwanangu. Alilala kwa bibi yake, alilishwa na bibi yake. Siku vijiti vilipotolewa nikamnyooshea mikono yote miwili, akajificha nyuma ya bibi yake, akamwita mama.

Mama mkwe akampakata, akaendelea kusuka ukili. Heri angenisuta.

Baada ya hapo nilimwogopa farasi. Nilikuwa nampelekea pumba, nasimama ubavuni, natia mguu kwenye kikuku, nautoa. Kesho yake hivyo hivyo. Nilizaa mtoto wa pili, bado natia mguu na kuutoa. Mume wangu aliniona akasema, "Mwache, mama watoto. Kila jambo na wakati wake." Alisema kwa huruma kabisa, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi, nikajiapiza kwamba nitapanda. Nikapanda siku ambayo hakuna aliyekuwa akitazama, nikakaa tu bila kwenda popote, farasi anakula, mimi juu yake natokwa na jasho. Baadaye tukawa tunazunguka tena. Lakini niliweza ugani tu. Farasi alijua kila kona, nami nilijua kila kona, na huo si ujasiri, ni mazoea.

Mtoto wa tatu alikuwa hajaanza kutambaa wakati habari zilipokuja kwamba mama yangu anaumwa, ananiulizia. Nikaomba ruhusa. Mume wangu akasema mvua zikikatika. Nikaomba tena. Akasema mito imejaa, mtoto mchanga, watu watasema nini. Mvua zikakatika, na kabla sijafunga mzigo, akaja mpita njia akatuambia mama amepona, anatembea. Kila mtu akashukuru. "Unaona?" mume wangu akasema. "Ungejisumbua bure."

Mama alipona, mimi sikupona. Nililala nikijua kwamba angekufa ningeambiwa hivyohivyo, kwa upole, na angekwisha kuzikwa. Nikamwambia mume wangu nataka kuachwa. Nitarudisha mahari, kama sheria inavyotaka mwanamke anapojikomboa mwenyewe. Nitamwacha farasi, nitakwenda kwetu kwa miguu.

Hakunipiga wala hakufoka. Alimwita shehe, wakaketi kwenye baraza, mimi nikaketi nyuma ya pazia, mama mkwe mlangoni na mtoto mchanga mapajani. Shehe alipomaliza kunywa kahawa yetu akauliza kama maneno haya ni yangu. Nikasema ni yangu.

Mume wangu akakohoa. "Farasi simtaki," akasema. "Watu wasije wakasema nilimpokonya mwanamke mahari yake. Kesho asubuhi apande aende. Akifika kwao salama nitapeleka talaka, nanyi ni mashahidi. Ila watoto ni wa nyumba hii."

"Hata huyu anayenyonya?" nikauliza.

"Hata huyo."

Nilimngoja shehe aseme kitu. Alikuwa anaijua sheria kuliko sisi sote, na alijua mtoto wa kunyonya anamfuata nani. Akahesabu tasbihi yake, akaomba kahawa nyingine. Mungu amsamehe yeye, mimi sijaweza.

Asubuhi nilimnyonyesha mtoto mpaka akaliachia titi mwenyewe. Mama mkwe akampokea. Binti yangu akauliza nakwenda wapi, nikamwambia Kongwa. "Utaniletea nini?" Nikasema ubuyu. Nikatandika farasi mwenyewe, nikapanda mbele yao wote, na lango likafunguliwa kwa ajili yangu peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilitoka bila kugeuza shingo. Kama ningegeuka ningeshuka.

Pale bomani askari akanipigia kelele, "Wewe mwanamke, shuka! Hapa si kwa baba yako!" Nikashuka, nikamwongoza kwa mkono kama alivyofanya mume wangu, nikainamisha kichwa kama alivyoinamisha. Bendera ikabaki nyuma. Hapo hapakuwa na mtu wa kunishikia kikuku. Hofu ya kuanguka ikanirudia. Nikatafuta kichuguu, nikapanda juu yake, nikamvuta farasi karibu, nikasema bismillahi, nikajitupa. Nilijikuta nimekaa, hatamu mkononi, na mbele yangu nchi tupu.

Nilikuwa sijapata kumwendesha farasi yule moja kwa moja. Yeye naye nadhani alikuwa amesahau kwamba inawezekana. Mashamba ya mtama yalikuwa yameshavunwa, ardhi nyeupe mpaka kwenye miiba, hakuna ukuta wa kumwambia ageuke, akaondoka shoti. Nilipiga kelele ya hofu. Kisha nikasikia napiga kelele nyingine, na hiyo haikuwa ya hofu. Sikuanguka! Kaniki ilitoka kichwani ikabaki shingoni, upepo ukaniingia masikioni, nikamwinamia shingoni nikawa nacheka kama mwendawazimu. Mgogo mmoja aliyekuwa na mbuzi wake alisimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani, akatutazama mpaka tukapotea. Sijapata kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada.

Na katika furaha ileile maziwa yakashuka.

Nilihisi kifua kimelowa. Nikamsimamisha farasi, nikakamua maziwa chini kwenye vumbi, nikajifunga vizuri, nikapanda. Nikasema, maziwa hukauka. Wanawake wangapi wamekausha? Nikaendelea. Jua lilipopanda yakashuka tena, mengi zaidi, titi limekuwa gumu na linauma, na nilijua kwamba Mpwapwa mtoto ameamka anatafuta kwa mdomo. Watampa maziwa ya mbuzi. Atakunywa, hatakufa, watoto wengi wamelelewa hivyo. Ataanza kusema. Na atakayemwita mama nilikuwa namjua, nilikwisha kumwona.

Nilikaa chini ya mti wa miiba na hatamu mkononi. Vilima vya upande wa Kongwa vilionekana. Nilijua sasa kwamba ninaweza kufika, na kufika kwenyewe kusingekuwa kazi ngumu hata kidogo. Nikalia kwa hasira, nikavunja kijiti kimoja baada ya kingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mume wangu aliujua uchungu wangu kuliko nilivyoujua mimi, akaupima, akanifungulia lango.

Nikamgeuza farasi. Nilimtukana mume wangu njia nzima, matusi ambayo sikujua kama ninayajua, na farasi akawa anageuza masikio kusikiliza. Bomani nikashuka, nikapita, nikapanda. Safari hii sikutafuta kichuguu.

Nilipoingia ugani mama mkwe alinyanyuka, akaniletea mtoto kabla sijasema neno, na mtoto akanishika kwa pupa mpaka akapaliwa. Mume wangu alikuwa ndio kwanza ananawa ili ale. Akasogea mkekani akaniachia nafasi. Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, na nilikuwa na njaa, nikala kwa mkono mmoja huku nanyonyesha.

"Mlenda hauna chumvi," nikasema.

Akainuka mwenyewe akaenda kuileta. Aliporudi akanimiminia kidogo kando ya bakuli, akanitazama nilivyojaa vumbi, akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Naona sasa unamweza. Kuanzia kesho mpande uende naye popote utakapo, mimi sina wasiwasi tena."

Na kweli, nilikwenda popote nilipotaka, miaka yote mpaka farasi yule alipozeeka. Lakini hakuna siku adhuhuri ilinikuta nje ya lango; jua likipanda niliwakumbuka watoto, nikamgeuza farasi mwenyewe.